Jibu la Susu Kavata Nililolikata

Nilistaafu wiki tatu zilizopita, na tayari nimewaudhi watu wawili nyumbani kwa kuwauliza leo ni tarehe ngapi. Mume wangu amesema nikimtajia tena maneno matatu na kumwomba ayarudie baada ya dakika tano, atahamia kwa kaka yake, na redio ataondoka nayo. Ni mazoea tu. Mtu akishinda miaka akipima akili za wazee, haachi siku moja kwa sababu ofisi imemkatia keki.

Ninyi mnaobaki maabara mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi, ili wanaokuja wasianzie gizani. Sawa. Vyeo nilivyopewa na vyeo nilivyonyimwa tutaviacha, maana orodha ya pili ni ndefu na inanipandisha presha. Nitawaambia kuhusu siku yangu ya kwanza, kuhusu friza, na kuhusu jibu moja nililolikata kwa kalamu nyekundu nikiwa nimejiamini kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Kwetu ni Makueni, upande wa Tawa, lakini kazi ilinipeleka Kitui na Kitui ikanishika. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Nzioka, mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Aliangalia koti langu, akaangalia viatu vyangu, kisha akasema, "Umekuja kazini ama umekuja arusi?"

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwanaume wa makamo, anayumba kama amelewa, jasho linamtiririka. Nikamtoboa kidole, nikapaka damu kwenye kioo, nikainama kwenye hadubini. Malaria hakuna. Nikarudia. Hakuna. Nikapima sukari, iko sawa. Nikapima kila kitu nilichofundishwa chuoni na vingine viwili nilivyokuwa nimevisoma tu. Saa nzima ikaisha. Mzee Nzioka akapita, akatoka mpaka kwenye benchi la nje, akamwuliza mama mmoja aliyekaa na kikapu, "Wewe ndiye umemleta huyu?" Mama akasema ndiye. "Amekula nini?" Mama akajibu bila wasiwasi wowote, "Amekunywa dawa ya minyoo ya mbuzi. Ilibaki kidogo kwa chupa, akasema isipotee."

Nzioka aliniambia maneno mawili tu. "Uliza aliyemleta." Akarudi kwenye kiti chake. Nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu, na sikumbuki kama aliwahi kunifundisha jambo lingine kwa kusema. Mengine yote alinifundisha kwa kuniondolea kitu mkononi na kukifanya mwenyewe, polepole, huku akihema.

Baadaye watu wa vijijini walinipa jina. Waliniita Mbu. Nikionekana nakuja na sanduku langu la barafu, watoto walikuwa wanapaza sauti, "Mbu amekuja!" na akina baba wenye nguvu zao wanakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wamepotea. Sikulichukia hilo jina. Mbu naye hufanya kazi yake bila kulalamika, tena halipwi marupurupu ya safari.

Sasa friza. Nisikilizeni vizuri hapa. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, seli zinakaa chini na maji ya manjano yanabaki juu. Hayo maji ndiyo tunayagandisha. Yakiyeyuka na kuganda tena, vilivyomo ndani vinaharibika na hakuna atakayejua, kwa maana friza haina mdomo. Stima zetu mnazijua. Kwa hiyo kila friza yangu niliiwekea kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya ile barafu nikaweka kifungo cha shati. Asubuhi nikifungua nikakuta kifungo kiko juu, sawa. Nikikuta kimezama, najua barafu iliyeyuka, na mlinzi aliyeniambia stima haikupotea hata dakika moja tutaongea naye. Vifungo vyangu nimewaachia kwenye droo ya kushoto.

Miaka ya mwisho ndipo ukaja mradi wa ubongo. Waliuleta watafiti kutoka Nairobi, wakiongozwa na msichana mmoja anayeitwa Daktari Akinyi. Nasema msichana kwa sababu angeweza kuwa mtoto wangu wa tatu, lakini kichwani alikuwa amejaa. Walitaka kujua kwa nini seli za ubongo hunyauka mtu akizeeka, na kwa nini mzee mmoja hufika miaka tisini akikumbuka kila mtu aliyemkosea, huku mwingine akisahau njia ya choo chake mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka Kitui na Makueni nikitoa damu na kuuliza maswali ya fomu.

Wazee waliuliza swali moja kila mahali. "Kwani akili iko kwa damu?" Ilibidi niwaeleze, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuelezwa juzi. Nilikuwa nasema hivi: ndani ya kila seli kuna protini zinazotengenezwa kila siku, na kila moja lazima ikunjwe vizuri ndipo ifanye kazi. Ubongo ukizeeka, nyingine hukunjwa vibaya, zinanatana, zinakuwa madonge. Kuna moja inaitwa amiloidi, hiyo hurundikana nje ya seli. Kuna nyingine inaitwa tau, kazi yake ni kushikilia vijia vya ndani ambavyo chakula cha seli hupitia. Tau ikiachilia na kujisokota yenyewe kwa yenyewe, vijia vinaanguka, chakula hakifiki, seli inakauka. Kuna seli nyingine za kufagia huo uchafu, lakini nazo huchoka, na zikichoka huwa na hasira, zinaanza kuunguza hata zisizo na makosa. Makombo madogo sana ya hizo protini huvuja mpaka kwenye damu, na mashine ya Nairobi inaweza kuyaona.

Sasa njooni Kyuso mkaone nilivyoteseka na hiyo fomu. Ilikuwa imetungwa mbali sana, na mtu ambaye hajawahi kuuza mbuzi. Swali moja linasema mtu atoe saba kutoka mia, tena saba, tena saba. Nikamwuliza Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo ambaye familia yake ilikuja kutoka kaskazini mashariki kabla sijazaliwa.

"Toa saba, mzee."

"Saba ya nini?"

"Saba tu."

"Hakuna saba tu. Mbuzi ama ngamia?"

"Basi mbuzi."

"Nani amechukua?"

"Hakuna aliyechukua, mzee, ni hesabu."

"Mbuzi saba wameondoka kwangu, hujui nani amechukua, na unataka tuendelee kutoa wengine?" Akasimama. "Mama, huyo ni mwizi. Tumtafute kwanza."

Swali lingine lilisema achore uso wa saa na aonyeshe saa tano na dakika kumi. Wazee wote wakaweka mkono mfupi kwenye tano. Daktari Akinyi akawaandikia sifuri asubuhi nzima, mpaka nikamkumbusha kwamba hao watu wameambiwa tano na wameweka tano, na kwamba ni sisi tuliosoma ndio tunaosema tano huku tukiangalia kumi na moja. Akashika kichwa. Na lile la kuuliza mtu ana watoto wangapi! Asi! Kwetu watoto hawahesabiwi kama magunia ya ndengu. Bibi mmoja alinijibu, "Wako," akanyamaza. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba tu, kwa hiyo "wako" ikasomeka kama hajui.

Basi nikawa mtetezi wa wazee. Nilikata maswali, nikabadilisha, nikabishana na Nairobi kwa simu, na mara nyingi nilishinda. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Nikaanza kuamini kwamba fomu ikisema mzee wetu amepotea, fomu ndiyo imepotea.

Susu Kavata alikuwa na boma lake karibu na Kabati. Susu ni nyanya, na wote walimwita hivyo, hata mimi mwenye wajukuu wangu. Alikuwa fundi wa vyondo, vikapu vyetu vya mkonge, anayejulikana mpaka Makueni. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, nyuzi za mkonge pajani, anasokota bila kuangalia. Marehemu mume wake aliitwa Kilonzo. Aliishi na Mbithe, mjane wa mwanawe mkubwa, mama mpole aliyeolewa kutoka Kyuso, na mtoto wa Mbithe, kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye pikipiki, ambaye kwa desturi yetu alipewa jina la babu yake, Kilonzo.

Nilimweleza Susu habari za protini nikitumia kile alichokuwa nacho mkononi. Nikasema ni kama uzi wa mkonge unaokataa kusokotwa, unajifunga mafundo.

Akacheka. "Uzi haukatai, mwanangu. Ni paja limechoka."

Daktari Akinyi, ambaye siku hiyo tulikuwa naye, akaniomba nimtafsirie, akaandika haraka haraka. Alisema ndivyo inavyodhaniwa, kwamba kosa huenda si la protini peke yake, ni vile mitambo ya seli inayoikunja na kuisafisha imezeeka. Susu akamwuliza kama hayo ndiyo aliyoenda kusomea miaka yote hiyo.

Tukaanza maswali. Leo ni siku gani? "Si wewe ndiye umesoma? Niambie." Rais ni nani? "Yule yule." Uko wilaya gani? "Niko kwangu, wewe ndiye umetoka mbali." Tulicheka mpaka Daktari akaangusha kalamu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimpa alama kwa kunichekesha. Kisha nikamwonyesha yule kijana aliyekuwa anafuta pikipiki. "Huyu ni nani?"

"Mume wangu," Susu akasema. "Na hajaniletea sukari."

Daktari akaandika: hamtambui mjukuu. Nikaichukua ile fomu nikiwa bado nacheka. Nikamwambia, Daktari, huyu kijana ana jina la babu yake, na nyanya kumwita mume ni utani wa kila boma ukanda huu. Atamtania, atamdai sukari, atamfichia kipande kizuri cha nyama. Mama yangu hivyo hivyo alimwita mwanangu wa kwanza. Nikakata lile jibu kwa mstari mmoja mwekundu, nikaandika pembeni "desturi", nikatia sahihi. Daktari aliomba radhi. Wiki iliyofuata alinialika niwafundishe wenzake kuhusu majina ya Wakamba, na nikafundisha kwa saa moja na nusu, nikiwa nimevaa vizuri.

Lakini kabla hatujaondoka siku ile, Mbithe alinifuata langoni akipangusa mikono kwenye leso.

"Daktari, ningeomba tuongee kidogo." Huko kila mtu wa hospitali ni daktari.

"Kuna fomu yako pia, mama," nikasema, nikaitoa. "Je, anasahau majina ya watu wa nyumbani?"

"Huyu kijana wangu... anamwita... anadhani yeye ni..." Akaangalia chini.

Mnaojua, mnajua. Mke hatamki jina la baba mkwe wake. Mbithe hata mtoto wake mwenyewe hakuwahi kumwita Kilonzo, alimwita Baba. Lile jina lilikuwa limemkaa kooni na hangeweza kulitoa mbele yangu. Nami nikamsaidia, mtu mwerevu! Nikasema, "Anamwita mume, najua, ni mambo ya utani. Ninyi wa Kyuso hamtanii?" Nikamalizia sentensi yake, nikaweka alama ya sawa, nikapanda gari. Yeye alibaki ameshika lango.

Damu ya Susu ikaenda Nairobi. Miezi ikapita. Siku moja Daktari Akinyi akanipigia simu.

"Mama Ndunge, Susu Kavata wa Kabati. Ile tau mbaya kwenye damu yake iko juu sana. Fomu yako inasema yuko sawa kabisa."

"Friza ilizima huko kwenu," nikasema.

"Haikuzima. Tuliweka kifungo kama ulivyotufundisha. Kiko juu."

Hicho kifungo singeweza kukibishia, maana ni changu.

"Damu peke yake haithibitishi," akaendelea taratibu. "Lakini rudi, tafadhali. Chukua nyingine, na umwangalie tena."

Nilienda kesho yake, moyoni nikijiambia ni mashine tu. Nilipofika nilikuta viti vimepangwa uani. Kulikuwa na kikao cha familia. Mutisya, mwana wa pili wa Susu, mwenye duka pale Kabati na sauti ya kutosha maduka matatu, alikuwa amesimama. Mbithe alikuwa ameketi kwenye mkeka, uso umemvimba kwa kulia.

Nikaambiwa yaliyotokea. Siku iliyotangulia Susu alitoka nyumbani asubuhi akatembea mpaka Kabati peke yake. Walimkuta alasiri kwenye kituo cha basi, miguu imechubuka, hajanywa hata maji. Alisema anamngoja mume wake, anatoka Mombasa na gari la mchana. Mutisya alikuwa amekata shauri: mama hatunzwi, ananyimwa chakula, anateswa mpaka anakimbia nyumbani kwake. Atamchukua akae kwake dukani, na Mbithe arudi kwao Kyuso "akapumzike". Mwanamke ameishi kwenye boma hilo tangu akiwa msichana, amemzika mume wake pale, halafu akapumzike.

Mutisya aliponiona akafurahi kweli kweli. "Huyu hapa! Mungu ni mwema. Daktari mwenyewe alimpima mama na mashine, akasema yuko sawa. Ama sivyo, Daktari? Kwa hivyo kama kichwa cha mama ni kizima, kinachomkimbiza hapa ni nini?"

Watu wote wakaniangalia. Ni neno langu lililokuwa limesimama pale katikati ya uwanja, na lilikuwa linamfukuza mwanamke nyumbani kwake.

Ndipo nikasikia sauti ya Mzee Nzioka, miaka mingi hivyo. Uliza aliyemleta. Nikapita mbele ya Mutisya, nikaenda nikachuchumaa kwenye mkeka. Nikamwambia Mbithe, "Mama, siku ile langoni kuna jambo ulitaka kuniambia. Nilikukata. Niambie sasa, na kama kuna jina huwezi kulitaja, usilitaje. Nionyeshe tu."

Mbithe alinitazama kama mtu anayepima iwapo inafaa. Akaamka, akaingia nyumbani, akatoka na gunia. Akalikung'uta palepale mbele ya viti.

Vilikuwa vitako vya vyondo. Hakukuwa na kiondo hata kimoja. Kila fundi huanzia kitako, pale chini, kama sahani ndogo, ndipo apandishe kuta. Vilikuwa vitako vitupu, vimesukwa vizuri sana, mkono ule ule wa Susu, nyuzi zinaning'inia pembeni. Nikahesabu kumi na tisa.

"Kila asubuhi anaanza kipya," Mbithe akasema. "Cha jana hakumbuki. Anauliza ni nani ameacha uchafu wake hapa. Nikawa naficha, watu wasimcheke. Na Baba huyu, si utani tena, Daktari. Mwanzo ulikuwa utani. Siku hizi anamfungia mlango, anamwuliza amelala wapi. Baba alileta msichana wake tumjue, na Mwaitu huyu, mama mkwe wangu, akamfukuza na mwiko mpaka barabarani, akisema hakubali mke wa pili."

Yule msichana, naambiwa, alikimbia na sahani mkononi. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, kisha akaona aibu.

Kijana Kilonzo akaongea, mara ya kwanza. "Mimi siku hizi namjibu tu. Akiniuliza safari ya Mombasa ilikuwaje, nasema ilikuwa sawa. Nikikataa analia."

Susu wakati huo wote alikuwa kwenye kigoda chake. Aliinama, akaokota kitako kimoja kutoka chini, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye mshono. "Nani ameanza hiki?" akauliza. "Mkono wake ni mzuri. Mwambieni akimalize."

Niliona aibu. Sina neno lingine zuri zaidi. Nilisimama mbele ya wale watu, nikasema, "Mutisya, mimi si daktari, mimi ni mtu wa maabara, na sikumpima mama yako kwa mashine. Nilimpima kwa maneno, akanichekesha, nikamwandikia alama ambazo hakupata. Daktari Akinyi aliona ukweli siku ya kwanza, nikaukata kwa kalamu nyekundu kwa sababu niliona najua desturi zetu kuliko yeye. Mbithe aliuona kabla yetu sote. Mama yako ni mgonjwa. Hajanyimwa chakula. Kama kuna mtu amekosa hapa, ni mimi."

"Kwa hivyo ile damu ilisema nini?" Mutisya akauliza, sauti imeshuka.

"Damu ilisema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya."

Alikaa chini. Kiti kikalia. Kisha akamwambia Mbithe, bila kumwangalia vizuri, "Mke wa kaka yangu, ungetuambia."

"Nilikuwa nitaje jina gani?" Mbithe akasema.

Kyuso hakurudishwa. Daktari Akinyi alipanga Susu aonwe na wanaojua, wakamchunguza na kuondoa mengine yanayoweza kusahaulisha mtu, na mwishowe wakasema ni lile tulilolihofia. Sitawadanganya: dawa ya kurudisha seli zilizokauka hakuna, na mkiulizwa semeni hivyo hivyo. Kilichobadilika ni boma. Lango liliwekwa kengele. Mutisya akawa anakuja mwenyewe kila Jumapili kukaa na mama yake ili Mbithe aende kanisani, na baada ya Jumapili tatu akaacha kabisa kusema habari za kutunza vibaya. Nasikia mara ya kwanza alifukuzwa na mwiko, akidhaniwa ni mdai.

Fomu yetu sasa ina swali la kwanza kabla ya maswali yote: ongea na anayeishi naye, peke yenu, nje, na usimmalizie sentensi. Kwenye karatasi za Nairobi lina namba tu. Mimi naliita swali la Nzioka, na nawaomba mliite hivyo.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliomba niende Kabati mwenyewe kumaliza ziara ya mwisho ya Susu. Alikuwa amepungua. Mkonge hasokoti tena, lakini vidole vinaendelea kusokota hewa pale pajani. Nikamtoa damu, hakuhisi. Nikasema maneno matatu, mbuzi, mtungi, kitanda, akayapokea kwa tabasamu na hakuyarudisha. Nikamwonyesha Kilonzo, akamtazama kwa heshima kama mgeni. Hata umume wake ulikuwa umeisha.

Likabaki swali moja. Mbithe alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamfuta uji kidevuni. Nikauliza, "Huyu ni nani?"

Susu alimtazama, akamshika shavu.

"Ni mwaitu," akasema. "Mama yangu. Alikuwa ameenda mtoni. Amerudi."

Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Nilitafuta, nawaambia ukweli, nilitafuta kwenye majina yote ya ukoo ule, ya kupewa na ya kurithi, kama kuna desturi yoyote inayoweza kumfanya Mbithe awe mama yake Susu Kavata. Hakuna. Mkaza mwana hawi mama.

Mbithe aliona nimekwama. "Andika amekosa, Daktari," akasema kwa upole. "Hiyo ndiyo kazi yako."

Nikaandika amekosa. Lilikuwa jibu la mwisho nililoandika kazini, na halina mstari mwekundu.

Susu alikuwa bado amemshika shavu, na alianza kuhangaika kwa sababu hakuna aliyemjibu. "Mama?" akaita. "Mama?"

Mbithe akaweka bakuli chini.

"Ee, mwanangu," akaitika. "Niko hapa."